Barabara Ambayo Mzee Nyamu Aliijenga Mara Mbili

Mzee Japhet Nyamu anastaafu tarehe 30 Novemba 1998, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Mbao cha Kagumone kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipaswa kuondoka mwaka jana. Mvua za El Niño zikabeba nusu ya barabara ya msituni, naye akabaki kuijenga upya, ingawa magoti yalikuwa yameshaanza kumkataza.

Alianza kwa kufyeka nyasi kando ya njia, akawa mchimba mitaro, kisha msimamizi wa barabara zote zinazoteremka kutoka msituni hadi kiwandani. Sote tunamjua kwa kofia yake ya sufu, ambayo haivui hata jua likiwaka, na kwa tabia ya kuitukana greda kwa Kimeru halafu kuibembeleza kwa Kiswahili.

Barabara aliyojivunia kuliko zote ni hiyo ya msituni, aliyoijenga mara ya kwanza mwaka wa 1991. Ilikuwa fupi, na iliokoa mafuta mengi. Lakini ilikuwa nyembamba, iliteremka ghafla, na miti ya saipresi ilisimama hadi ukingoni, kwa hiyo dereva hakuona kilichokuwa mbele ya kona. Ilimbidi apige honi kabla ya kila kona, kisha asikilize kama kuna wa kumjibu. Lori lililojaa magogo halisimami upesi. Malori mawili yakikutana, lililo tupu ndilo lililorudi nyuma, huku korongo likiwa upande mmoja.

Madereva walichoka kwa namna ambayo usingizi hauponyi. Mmoja wao ni Bundi, ambaye ni baba yangu. Alikuwa akifika nyumbani, anasukuma sahani kando, anatugombeza kwa sababu mlango umefungwa kwa kishindo. Mama aliogopa mambo mawili: kwamba siku moja baba hatarudi, au kwamba ataacha kazi, nasi watoto tulikuwa bado shuleni.

Walipolalamika, Mzee Nyamu aliwacheka.

"Nyinyi mnataka barabara yenye makochi!"

"Mzee, wewe uliijenga ukitembea kwa miguu," baba alimjibu. "Panda uone."

Mzee akapanda. Kwenye kona ya tatu walikutana uso kwa uso na lori tupu. Hakuna aliyeumia. Walipofika kiwandani, Mzee Nyamu aliketi juu ya gogo, akaletewa chai, akashindwa kushika kikombe. Hakuwacheka tena.

Tangu siku hiyo aliomba ruhusa ya kufungua kona, mwaka baada ya mwaka. Meneja wa wakati huo aliona ni hasara kukata miti michanga na kurefusha njia. Mvua zilipoibomoa barabara, meneja mpya alikubali, na Mzee, aliyekuwa karibu kuaga, akaomba aongezewe mwaka. Aliizungusha njia mahali ambapo mlima si mkali, akaondoa miti upande wa ndani wa kila kona, akatengeneza sehemu za malori kupishana. Mara nyingi alifanya kazi hiyo akikohoa, ameketi juu ya debe, akielekeza kwa fimbo.

Jambo moja tu alilisahau. Kambini tunakoishi wafanyakazi, wanawake walikuwa wamezoea kuwafuata waume zao kwa masikio: honi ya juu, honi ya katikati, honi ya darajani, basi weka maji ya ugali. Siku barabara mpya ilipofunguliwa mwezi wa Septemba, jioni ilifika kimya kabisa. Mama yangu, Ciakuthii, aliacha sufuria motoni akapanda mlima mbio, wenzake nyuma yake, wengine wameshaanza kulia. Walimkuta baba akiteremka polepole, kiwiko dirishani, akitafuna muwa. Mzee Nyamu alikuwa kando yake.

"Mbona hukupiga honi?" mama alifoka.

"Nimpigie nani, Mama Linda? Naona mpaka chini!"

Mama alivua kiatu akamtupia. Mzee Nyamu alishuka kwa shida, akawaomba wanawake msamaha kwa kutowaambia mapema.

Baba bado huchoka. Magogo hayajapungua uzito. Lakini sasa ni uchovu wa kazi, si wa hofu. Anakula, halafu anauliza kama kuna kilichobaki.

Mzee Nyamu naye amechoka, na sote tunaona. Anakwenda Mitunguu kwa mkewe, Kathure, kwenye migomba yao. Kwa niaba ya ofisi na nyumba zote za kambini, tunakushukuru kwa mwaka uliotupatia wakati ungeweza kuwa umepumzika. Tunakuombea kifua kipone na magoti yapate nafuu. Lala mpaka jua lipande, Mzee. Madereva wako wanafika nyumbani.

Linda Bundi
Msaidizi wa ofisi