Nyumba Arobaini na Moja za Fundi Swichi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yetu tungependa yarukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga unga, akiwa mtoto wa tatu wa dereva wa trekta na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akakumbukwa kwa kuifungua redio ya mwalimu mkuu na kuirudisha huku skrubu moja imebaki mezani, redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo, naye akachapwa vilevile. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha ufundi, umeme wa majumbani, na kuanzia 1980 hadi 1998 alikuwa fundi katika kiwanda cha sabuni mjini, kilipofungwa akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, nanyi mkambatiza Fundi Swichi, kwa heshima wakati ule.

Tarehe 12 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi wa zahanati, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wapo hapa mbele yenu.

Mwaka 2011 walikuja wapima ardhi na vigingi vyao, njia kuu ya umeme ilikuwa ipite juu yetu, na katika mkutano wa tarehe 6 Agosti, kwenye uwanja wa shule, wengi mlikataa katakata kutoa maeneo yenu. Kaka aliinama juu ya ramani, akaona kisanduku kilichochorwa kando ya barabara, akaweka kidole pale na kuwaambia kwamba hapo ndipo kitakapojengwa kituo cha kupozea umeme, na kwamba kila nyumba itawaka. Kisanduku kile kilikuwa uwanja wa kuhifadhia saruji na vyuma vya minara, basi. Injinia wa mradi alikuwa amesimama bega kwa bega naye, alikiona kile kidole, alijua, akainamia simu yake, na hilo familia hatujalisamehe mpaka leo.

Mkatia saini siku ile ile kwa neno lake, michungwa ikakatwa, karakana ya seremala ikavunjwa, kibanda changu cha chakula kikaenda nayo, vijana wakabeba saruji miezi tisa na kurudi vijiweni, wageni wa mradi wakafanya kodi za vyumba zipande kisha wakahama. Wakati huo wote kaka alikuwa juu ya ngazi, akitandaza nyaya katika nyumba arobaini na moja bila kudai ujira wa mikono yake, ili umeme ukifika usimkute mtu hajajiandaa.

Umeme ulifika mwezi Juni 2015, ukapita juu kwa juu kwenda kwa wenye viwanda, uwanja wa saruji ukang'olewa hadi geti, tukabaki na mngurumo wa nyaya na marufuku ya kujenga chini yake. Kuanzia hapo jina la Fundi Swichi likawa la kumcheka, watoto walibonyeza swichi ukutani akipita wakauliza mbona haiwaki, na watu wazima mlijifanya hamjamwona. Aliandika barua kumi na tisa kutuombea umeme, kila Jumatatu alikwenda ofisi za shirika la umeme mjini, wakampiga danadana miaka saba, njoo kesho, faili liko kwa bosi, suala lako linashughulikiwa.

Mwezi Mei 2022 alianza kuugua mapafu, na mashine ya oksijeni ya zahanati, iliyo hatua mia mbili kutoka kwenye mnara, ilikuwa imefunikwa shuka kwa kukosa umeme, shemeji akawa anampepea mumewe kwa jalada la faili la wagonjwa. Alihamishiwa hospitali ya mjini, akafariki tarehe 3 Februari 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa mjini, mafundi wenzake wa kiwanda cha sabuni, na seremala, aliyechonga jeneza hili uani kwake kwa kuwa karakana hana tena, akakataa kulipwa. Shirika la umeme limeleta shada na barua inayomwita mdau muhimu wa mradi, tumeipokea. Majirani tunawashukuru kwa kujaa hivi, japo mlango wake ulikuwa wazi miaka yote na mngeweza kuja akiwa anasikia.

Nami nisijitoe, wa kwanza kutia saini siku ile nilikuwa mimi, na wa kwanza kuacha kumwamkia nilikuwa mimi. Wiki mbili kabla ya kufariki alimtuma mwanawe mkubwa apite nyumba zote arobaini na moja, akague nyaya zisije zikaliwa na panya, umeme ukaja ukaunguza mtu, na kwangu alimwambia aanzie hapo.

Kaka, pumzika kwa amani, nyaya za kwangu ni nzima, na shikamoo yako, ya miaka minane, ndiyo hii.