Marehemu Marjohan, Aliyewaombea Farasi Kona ya Mashariki

Assalamu alaikum wazee wetu, mama zetu, viongozi wa Chama cha Mbio za Farasi cha Koto Lansek, wakwe, majirani na ndugu wote mlioacha kazi zenu kuja kutusaidia kumsindikiza mzee wetu. Kwa kuwa mimi ndiye mpwa wake mkubwa, mwana wa dada yake, ukoo wa Piliang umenipa jukumu la kusoma habari za maisha yake, na mama yangu ameniambia mbele ya mashahidi kwamba hapa si jukwaani, nisome kilichoandikwa, nisiongeze chumvi, basi chumvi yoyote mtakayoionja ni ya marehemu mwenyewe.

Marehemu Marjohan bin Tamrin alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Koto Lansek, katika nyumba hii ya mama zetu mliyoketi mbele yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Bibi Jawanis na marehemu Tamrin, aliyeendesha gari la farasi kati ya hapa na soko la Payakumbuh. Mtoto wa kwanza ni Rosmanidar, mama yangu, yule pale mwenye ushungi mweupe, aliyemzidi marehemu miaka minne, na hakuacha kumkumbusha miaka hiyo minne mpaka juzi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, mwaka ule ule vita vilipofika kwenye vilima vyetu, shule ikawa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa banda la kuku, ndiyo maana aliimaliza mwaka 1965, kisha akaendelea na sekondari mjini Payakumbuh hadi mwaka 1968. Alikuwa na akili, ila akili yenyewe ilikaa zizini, na inasemekana alipoambiwa achore ramani ya Sumatra alichora farasi aliyelala ubavu, mwalimu akampa alama zote kwa farasi na sufuri kwa kisiwa.

Mwaka 1970, kama kila mwanamume wa kwetu anayetaka neno lake lisikilizwe baadaye, alikwenda ugenini, akauza vitambaa Medan kwa miaka saba, akarejea mwaka 1977 nyuma ya lori akiwa na sanduku moja la nguo na farasi jike mmoja. Bibi yetu alimtazama farasi, akamtazama mwanawe, akasema, "Wenzako wanarudi na mke," naye akajibu, "Mama, huyu angalau hali wali." Mwaka 1978 aliajiriwa katika idara ya mifugo ya wilaya, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2007, na wengi wenu hapa mna farasi ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani.

Tarehe 9 Agosti 1981 alifunga ndoa na mkazamjomba wetu, Bi Yusmaniar wa Balai Lamo, akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo desturi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Hendri, Deswita na Rahmi, na wajukuu watano. Lakini kila asubuhi, mvua ije jua lije, kabla ya kwenda popote alipitia hapa kwa dada yake kunywa kahawa, na Bi Yusmaniar hujivunia kwamba katika miaka arobaini na miwili hakumwonea wivu mwanamke yeyote isipokuwa birika la wifi yake.

Katika chama cha mbio aliingia mwaka 1979, akawa katibu mwaka 1988 na mwenyekiti mwaka 2005. Mnaijua Julai yetu, mji mzima unahamia uwanjani na wali wake wa kupikwa ndani ya mianzi, walioko ugenini wanarudi, wachumba wanaonana, na mzee asiyeweza kupanda ngazi ya nyumba yake anapanda jukwaa. Lakini uwanja ule wa mita mia tisa ulikuwa na kona ya mashariki iliyokunjika kama kiwiko, na Julai 2009 farasi wake mwenyewe, mjukuu wa yule wa Medan, aliteleza pale akavunjika mguu wa mbele, marehemu akaketi kwenye majani amekipakata kichwa chake hadi mwisho. Toka siku ile hakuwahi tena kumpeleka farasi wake mbioni, aliwapeleka wa wenzake tu, na kila walipoikaribia ile kona aligeukia upande wa mto.

Mwaka 2018 ujumbe wa shirikisho la mbio la mkoa ulikuja, ukapima, ukatamka kwamba uwanja usiofika mita elfu moja na mia nne, wenye kona kama ile, ukifika msimu wa 2024 utanyang'anywa mbio za Julai wapewe wengine. Mjomba hakulia, alinunua karatasi. Akaandaa Mpango wa Miaka Ishirini, akautembeza kwapani umekunjwa kama mkeka, mpaka kwenye harusi za watu, na bwana harusi mmoja aliyepo hapa atakumbuka kwamba alikunjuliwa ramani ya uwanja juu ya sahani yake ya nyama ya rendang. Ulikuwa na mazizi mapya, shule ya wapanda farasi, farasi wa mbegu bora, na soko la kila wiki kwa siku zisizo na mbio, ili kijana wa hapa anapokwenda ugenini awe na kitu cha kumrudisha. Lakini yote yalisimama juu ya ile kona, na kona haikuwa na pa kupanukia ila kwenye mashamba ya mpunga ya ukoo wetu.

Tarehe 11 Februari 2019, katika ukumbi wa wilaya, aliulizwa mbele ya watu, "Na yale mashamba ya mashariki, Mzee Marjohan?" Mjomba akasimama, akaweka kofia yake sawa, akasema, "Hayo yahesabuni yamepatikana, mimi ndiye mjomba wa mashamba hayo." Ukumbi ukapiga makofi. Wazee wangu, ninyi mnajua kuliko mimi kwamba mjomba hulilinda shamba, hulisemea, hulipigania, lakini shamba ni la akina mama, na neno lake huanzia jikoni kwao ndipo liende ukumbini, na neno la Mjomba siku ile lilikwenda ukumbini kwanza.

Mama yangu alilipata sokoni, kwa muuza wali wa mianzi, aliyempigia kelele toka ng'ambo ya barabara, "Mama Ros, hongera! Nasikia mpunga wenu mwaka huu utaota kwato!" Asubuhi iliyofuata Mjomba alikuja kama kawaida, akakuta mlango uko wazi na jiko limezimwa.

"Dada, kahawa vipi?"

"Kaiombe huko ulikopigiwa makofi."

"Dada jamani, ni kwa ajili ya mji huu."

"Mji ndio uliokuzaa? Shamba la mpunga tunaliweka rehani kwa mambo manne, na wewe ndiye uliyewafundisha wanangu: maiti imelala nyumbani, binti amekua hana mume, nyumba ya ukoo inavuja, au cheo cha ukoo hakina wa kukishika. Haya, nionyeshe, farasi yuko wapi hapo?"

Mjomba, ambaye hakuna kikao kilichowahi kumkuta bila jibu, alikuna kidevu akasema, "Labda ni jambo la tano."

"Toka."

Kahawa ilirudi Idi ya mwaka ule, sukari haikurudi. Kwa karibu miaka mitano aliketi pale ngazini kila asubuhi akiinywa chungu, na akitoka hapo alikwenda kuchora upya, akaisogeza kona magharibi ikaangukia mtoni, akaisogeza kusini ikaingia msikitini, imamu akamwambia, "Mzee Jo, sisi tunawakaribisha waumini wote, ila wenye miguu miwili." Wapo waliomshauri apitishe jambo kwa nguvu za serikali, akawafukuza kwa fimbo, akasema ardhi atakayoipata kwa kumpiga dada yake teke haitaota hata majani ya farasi.

Oktoba 2022 alianza kukohoa, tukadhani ni vumbi la zizi, na Januari 2023 madaktari wa Padang waligundua saratani ya pafu. Alitibiwa karibu mwaka mzima bila kulalamika, ila juu ya uji. Novemba madaktari walituambia kwa upole kwamba tumrudishe nyumbani, na Bi Yusmaniar, kwa moyo ambao ukoo wetu hautausahau, alikubali aletwe katika nyumba aliyozaliwa, akahamia naye, akalala miguuni pake.

Alasiri moja mama yangu alikuwa akimlisha, Mjomba akaanza kucheka peke yake.

"Nini tena?"

"Dada, sasa sababu ya kwanza umeipata. Subiri kidogo tu, maiti inakuja yenyewe. Siku hiyo wekeni shamba rehani, hakuna atakayepinga."

"Funga mdomo, Jo."

"Nakusaidia, bwana. Mwenyekiti lazima atafute njia."

Mama yangu aliweka bakuli chini, akatoka hata viatu hakuvaa, akapita nyumba za mama zetu wadogo wote wa ukoo moja baada ya nyingine, na Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 wanawake wa Piliang waliketi kulizunguka godoro lake, tambuu katikati. Mjomba akasaidiwa kuinuka, akavishwa kofia, maana aliikataa shughuli ile bila kofia, akasema kwa pumzi fupi fupi, "Mama zangu, nilisema kabla ya kuuliza. Leo nauliza."

Mama yangu akamjibu kwa niaba yao, "Hatuweki rehani, na hatuuzi. Farasi watapita kwenye shamba letu kama jirani apitavyo kwenye tuta, na siku mbio zikikoma, mpunga unarudi mahali pake. Na tunakupa ukiwa hai, asije mtu kesho akasema ardhi hii ilipatikana kwa maiti yako." Kisha akaongeza, "Na wanawake wawili waingie kwenye kamati yenu."

"Watatu," akasema Mjomba. "Wawili mtagombana."

Walicheka wote, kisha hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Sharti moja lilibaki, mpunga ulikuwa umekwisha pandikizwa, na kwetu mpunga uliosimama haukanyagwi, hivyo vigingi vya kona vingesubiri mavuno. Mtu aliyetamani mpunga ule uondoke kwa miaka mitano akawa sasa anauuguza, kila asubuhi anaulizia, umechanua, umeinama, ndege wamefukuzwa? Alitaka avione vigingi. Jumanne hii, tarehe 20, ulipoanza kukatwa, aliomba dirisha lifunguliwe asikie miundu ikipita, akasikiliza mpaka jua lilipokwenda upande, akauliza vigingi ni lini, tukamwambia Jumatatu mpunga ukishatolewa shambani, akasema, "Jumatatu ni mbali." Leo Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake na kichwa chake mapajani mwa mkewe, Mwenyezi Mungu alimchukua. Sisi sote ni wa Mungu, na kwake ndiko tunakorejea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Padang, mliomvumilia alipowachorea kona nyuma ya karatasi za dawa, tunawashukuru majirani wa Koto Lansek na Balai Lamo kwa zamu zenu za kukesha, wafanyakazi wenzake wa idara ya mifugo, wapanda farasi mliombeba asubuhi ya leo kwenda kuoshwa na kukataa kupokezana, na wajumbe wa shirikisho mliofika hapa na kutuambia, kabla hatujauliza, kwamba mbio za Julai hazitaondoka Koto Lansek na kona inasubiriwa hadi mwakani. Kama yupo ambaye marehemu alimkosea, nasi tunajua alivyokuwa na mdomo, tunaomba amsamehe.

Mama yangu ananiagiza niseme jambo la mwisho. Vigingi vitapigwa Jumatatu kama alivyoambiwa, hatutabadilisha siku. Na Jumatano, siku ya saba, nyote mnakaribishwa hapa kwa chakula cha dua, na wali mtakaokula utakuwa wa mpunga ule uliovunwa juzi, ambao yeye aliusikia ukikatwa na hakuuonja. Kuleni mshibe, watoto wapeni wa kutosha, kwa sababu shamba lile halitatoa mwingine.

Mungu akupanulie kaburi, Mjomba, upumzike.