Mukate Laini ya Papa Henning na Mama Dagny

Siku ya Mungu, tarehe 11 ya mwezi wa nane 1957, Papa Henning Aasvik na mke wake Mama Dagny wanamaliza kazi yao ku mission yetu ya Karuba. Wamefanya miaka kumi na saba na miezi saba mu Kivu: miaka sita kule Walikale, mu pori ya Mpofi, na ile ingine yote hapa kwetu Masisi, ku milima. Mimi Emérita, mama ya Thacienne, mupishi wao tangu 1946, njo niliombwa kueleza maisha yao. Mwalimu wa shule yetu alitaka niseme kwa kinywa, yeye aandike. Nilikataa. Mimi nilisoma miaka mbili tu, lakini mu jiko ya mission nilikuwa mimi, yeye hakukuwa.

Walifika wakiwa wazee tayari. Papa alikuwa na miaka makumi tano na moja, Mama makumi ine na kenda, na watoto wao wanne walikuwa wakubwa, walibaki Norvège, kwao kule Ulaya. Watu wa Mpofi walipoona zile nywele nyeupe wakaambiana: "Angalieni, wametutumia wale waliokwisha!" Papa alisikia. Kesho yake asubui alipanda juu ya kanisa na misumari mu kinywa, akaanza kupiga bati. Wale waliocheka njo walimushikia ngazi.

Miezi mitatu nyuma ya kufika kwao, vita ilifunga inchi yao. Miaka tano barua ya watoto haikufika. Mama Dagny mwenyewe hakunielezea hii, niliisikia kwa watu wa Mpofi. Kila mara mutu wa barua alipopita, alimukuta amesimama ku njia na kazi yake ya kushona mu mikono, ili mutu asiseme anangoja. Mu 1945 barua ya kwanza ikafika, akajua kwamba yuko na wajukuu wawili na kwamba wanasema tayari. Mimi mutoto wangu akichelewa kidogo tu ku maji, ninaanza kumuita mu kilima yote. Miaka tano! Sijui moyo yake ilikuwa ya namna gani.

Hapa Karuba wamejenga shule ya vyumba vine, na Papa ameleta maji kwa bomba toka ku chemchem mupaka karibu na mulango wa kanisa. Mama ameanzisha siku ya kupima watoto wachanga. Mizani ya watoto ilipochelewa kufika, alikopa ile ya viazi ku soko. Mutoto wangu wa tano alipimwa mu kitunga, na watu wakauliza ni wa mbegu gani. Leo anabeba maji mbele yangu, na shingo yake ni nguvu.

Lakini mimi ni mupishi, na mupishi anajua watu kwa meza yao. Papa Henning meno yake yote ya juu ni ya kutengenezwa. Akicheka anaweka mukono ku kinywa, si kwa haya, ni kwa kuzuia yasianguke. Na ile levire ya makopo ya kuumulia mukate ilikuwa inakufa njiani kwa unyevu. Mukate yangu ilitoka ku furu, ile jiko ya kuokea, ngumu kabisa. Bwana yangu Viateur, ambaye ni mwashi, alinyanyua moja, akaigonga na kidole. "Mama Thacienne, niletee mia moja, nimalize ukuta ya shule." Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa ninaona muzee anachovya mukate mu chai, anaimumunya kidogo kidogo, anaiacha. Suruali yake alianza kuifunga na kamba. Niliogopa sana. Nilijiambia: huyu muzee atakufia mu mikono yangu, na watasema ni njaa ya Emérita.

Jirani yangu Nyirabagenzi anapika kasigisi, ile pombe ya ndizi. Siku moja mu 1949 alinionyesha mutungi yake: povu imesukuma kifuniko mupaka pembeni. "Dada," akasema, "kitu yenye kuinua kifuniko ya mbao, unga itaishinda?" Nikachukua kikombe moja. Sheria ya kanisa letu tunaijua wote: mukristo haingii mu nyumba ya pombe. Niliingia. Nilitoka na kikombe chini ya kikwembe, kitambaa yangu ya kujifunga.

Ile mukate ilipanda mupaka nikashituka. Papa alikula vipande vine pasipo chai. Mama Dagny akaniuliza: "Emérita, leo umefanya nini?" Nikajibu: "Nimekanda sana, Mama." Ilikuwa uongo, na ninaiandika hapa kwa mukono wangu. Toka siku ile, kila siku ya tano asubui nilipita kwa Nyirabagenzi. Suruali ya Papa iliacha kamba. Lakini mukate ya nyumba njo ilikuwa mukate ya meza ya Bwana vilevile, ilitoka mu unga moja. Miaka sita kanisa lote lilikula, na mutu hakujua.

Mu 1955 Muzee Sebarenzi, mukubwa wa wazee wa kanisa, aliniona ninatoka mulango wa Nyirabagenzi. Aliniona tena juma ya pili. Wakaniita mbele ya wazee. Muzee Sebarenzi akauliza kwa upole: "Mama Thacienne, chini ya kikwembe kuna nini?" Nikisema ni ya kunywa, nimejisingizia. Nikisema ni ya mukate, nimechafua meza ya Bwana ya miaka sita, na nimemuharibia jina Papa mwenye kutufundisha tuache pombe. Kwa hiyo nilifunga kinywa. Mama Dagny alikuwa pale, analia, anasema: "Emérita, mwanangu, jibu."

Waliniweka ku kiti ya nyuma, mahali ya waliotengwa, na funguo ya jiko wakaninyanganya. Nilikuwa na watoto sita. Ku soko wanawake wakaanza: "Mama Thacienne, leo umeamukia ku mutungi gani?" Viateur alinitetea mupaka sauti ikakauka. Hata yeye sikumuambia.

Mupishi mupya alifungua kopo ya levire. Siku ya Mungu iliyofuata, Papa Henning alisimama mbele ya meza ya Bwana, akashika mukate ili aivunje. Haikuvunjika. Akavuta tena. Akabadilisha mikono. Watu wakainamisha vichwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kuficha kicheko. Mwisho walituma mutu atafute panga. Mimi kule nyuma sikucheka. Nilikuwa ninaangalia meno ya Papa.

Kesho yake Papa alikuja kwangu. Akasema tu: "Emérita, ile mukate ilikuwa na nini?" Nikalia. Hakunisukuma. Aliangalia kikombe yenye ilikuwa imetundikwa ku ukuta, akainusa, akashika njia moja kwa moja mupaka kwa Nyirabagenzi. Nyirabagenzi akamupokea na makofi: "Karibu, Papa! Wewe njo muteja wangu wa miaka sita, na hujawahi kuleta hata mutungi!" Akamuelezea yote. Wanasema Papa alicheka mupaka akashika kinywa kwa mikono mbili. Kisha akaacha kucheka, akaketi juu ya kiti kidogo ya Nyirabagenzi.

Siku ya Mungu ingine alisimama mbele, hakufungua kitabu. Akasema: "Emérita alipita ule mulango kwa sababu ya meno yangu. Yeye alibeba kikombe, mimi njo nilikula. Kama mahali yake ni nyuma, yangu pia ni nyuma." Akachukua kofia yake, akatembea mu kanisa yote, akakaa pembeni yangu. Mama Dagny akakamata sakosi yake ya mukono, akamufuata. Ile kiti ni fupi. Nilikuwa katikati yao, na Mama akaweka mukono yake juu ya magoti yangu.

Watu wakafikiri ni ya siku moja. Hapana. Walikaa pale siku tatu za Mungu, mvua na jua, hawakuhubiri, hawakukula meza ya Bwana. Papa aliimba kutoka nyuma, na mgongo yake ilimuuma, niliona. Nilimuambia kwa sauti ya chini: "Papa, rudi mbele, utaniletea mambo." Akajibu: "Tukirudi, tunarudi watatu."

Siku ya tatu Muzee Sebarenzi alisimama mbele peke yake. Akatuangalia, akaangalia watu wote. "Na mimi nilikula," akasema. "Miaka sita. Na ninyi wote mulikula, na mulisema ni tamu. Sasa tukienda wote nyuma, mbele itabaki na nani?" Watu wakacheka mupaka watoto wachanga wakaamuka. Yeye hakucheka, akashuka mupaka ku kiti yetu, akaniomba musamaha mbele ya kanisa, yeye muzee, mimi mama tu wa jiko. Wazee wakakata neno: kitu iliyopita mu moto ya furu si pombe tena. Povu itatafutwa mchana, mu sufuria ya mission, pasipo kifuniko. Na uongo ya Emérita itahesabiwa kuwa imelipwa. Siku ya pili funguo ya jiko ilikuwa mu mukono yangu.

Papa Henning na Mama Dagny, mumetufundisha kusoma, mumetuletea maji, mumepima watoto wetu. Tunawashukuru kwa ile yote, na viongozi watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi ninawashukuru kwa kiti ya nyuma. Ninajua njia ya meli ni ndefu na kwenu baridi ni kali, na tangu juma moja ninahesabu blanketi zenu kila asubui. Lakini siogopi sawa na zamani. Mutu ambaye alikaa pale pembeni yangu siku tatu, baridi haitamuweza. Wajukuu wenu wale waanze kuwasha moto wakiwangoja.

Mukate ya meza ya leo niliipika mimi. Povu aliileta Muzee Sebarenzi mwenyewe, saa sita mchana, mbele ya soko yote. Muishi vizuri kwenu, mukae salama, Mungu awatunze mupaka mwisho. Mukate ya njia iko mu kitunga ya majani, chini ya kitambaa nyeupe. Papa, usiichovye mu chai. Ni laini.