Waliobaki Nje ya Geti

Enyi mlioketi, nanyi mliosimama kwa kukosa nafasi, nipeni masikio yenu kwa muda wa kikombe kimoja. Mkabala na shule ya serikali yenye wanafunzi wengi kuliko madawati, pana benchi ambapo kinyozi Wembe na fundi viatu Soli hunywea kahawa kila asubuhi. Komeo, mlinzi wa shule, hujiunga nao akishapiga kufuli. Fujo zilipozidi, mwalimu mkuu aliamuru geti lifungwe kengele ikilia. Atakayechelewa abaki nje, polisi wa doria wamzoe. Komeo naye akaambiwa waziwazi: akimwingiza hata mmoja, kazi hana.

— Lakini ndani kumetulia, alisema Komeo, akipuliza kahawa yake. Jana hakuna aliyepigwa ngumi.

— Si wapiganaji umewafungia nje? Wembe alimjibu. Wamepigana mlangoni kwangu. Mteja katoka mbio na nusu ya nywele.

— Polisi si walikuja?

— Walikuja, wakamkamata mteja. Kichwa kile, nani angemwamini?

Soli aliweka sindano chini.

— Tatizo ni ukuta, mzee mwenzangu. Uinuliwe.

— Wataupanda.

— Basi shule nzima iwekewe wavu juu, kama banda la kuku.

— Mimi ningewafungia walimu ndani, watoto wote wabaki nje, alisema Wembe. Shule ingetulia hadi usikie chaki ikidondoka.

— Na polisi?

— Wavae sare za shule, wakae madawati ya nyuma.

— Watafeli hao.

— Wakifeli warudie darasa. Angalau kila mwaka tutakuwa nao.

Komeo alikuwa bado anacheka pale mama mmoja alipofika, aproni ya kazini ikiwa bado kiunoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Namtafuta binti yangu. Leo nilimtuma kwanza apeleke dawa kwa bibi yake, ndiyo maana alichelewa. Shule wanasema hakuingia. Polisi wanasema hawakumchukua. Sasa naomba kuuliza: mtoto akishafungiwa nje, anakuwa mikononi mwa nani?

Wembe alimtazama Soli. Soli alitazama kiatu. Komeo aliviona tena akilini vidole viwili vitatu vilivyoshika nondo za geti asubuhi ile, na sauti ikisema, “Baba, nilipeleka dawa.” Naye alikuwa amejibu, “Kesho uwahi, mwanangu.”

Akaweka kikombe chini, akavuka barabara, akafungua kufuli na kuyasukuma mabawa yote mawili ya geti hadi ukutani.

— Na kazi je, Komeo? Wembe alipaza sauti.

— Nitaiulizia nikirudi. Twende, mama. Nilimwona binti yako akielekea upande wa soko.

Walimkuta kwenye ngazi za soko, begi mgongoni, akingoja kengele ya kutoka ili arudi nyumbani pamoja na wenzake.

Aliyenisimulia haya kwanza ni Komeo mwenyewe, siku hizi mlinzi wa ghala la mbao.