Visu vya Pwani na Simu ya Lazhar

Kijiwe chetu hapa Kef, huku bara, ni benchi moja la mbao nje ya mkahawa wa Hedi, na siku hiyo tulikuwa watatu na vikombe vitatu. Lazhar, mhudumu wa baa miaka kumi na moja, ameitwa kazini kwenye hoteli kule Sousse, pwani, mshahara karibu mara mbili. Wangempigia saa sita mchana, wapate jibu. Jaji, aliyefagia mahakama mpaka akastaafu na sheria zote kichwani, hataki aende. Mimi wananiita Profesa tangu nimalize darasa la watu wazima mwezi wa nne. Gazeti nilikuwa nalo mimi.

— Soma, Profesa, ila usitukeshe, Jaji akasema.

— “Mi-sha-ha-ra ya ma-ba-a na mi-ka-ha-wa. Pwani, juu. Bara, chini.” Nikavuta pumzi, nikaingia safu ya pili. “Wa-tu ku-cho-mwa vi-su. Pwani, juu. Bara, chini.”

— Umesikia, Lazhar? Mshahara unaleta kisu!

— Unaletaje, Jaji?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na pesa, mwizi anapona njaa.

— Basi awachome wageni. Mimi nabeba sinia tu.

— Sinia lenye bakshishi, ndugu yangu!

Hedi akatoa kichwa dirishani.

— Hamjui kitu nyinyi. Mkahawa unaolipa vizuri unanunua na visu vizuri. Changu hiki hata nyanya hakikati. Nani atadhurika?

— Kwa hiyo niombe mshahara mdogo, niishi? Lazhar akauliza.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Jaji akakata shauri.

— Yaani nini?

— Yaani usivae koti la hoteli.

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Hapo Salwa, mke wa Lazhar, akapita na mkate kwapani. Akasimama. Tukakaa vizuri.

— Ami Profesa, hao waliochomwa visu ni wahudumu, au ni nani?

Nikarudia herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. Juu, chini. Juu, chini. Nikageuza nyuma: tangazo la matrekta.

— Hawakuandika, binti yangu.

— Sasa muda wote huu mlikuwa mnasoma nini?

Jaji akachungulia kikombe chake. Kitupu.

Simu ya Lazhar ikaita. Hakuipokea. Alinitazama mimi, maana mimi ndiye ninayejua kusoma.