Upande wa Kulia Hakuna Joto

Mjini Zenica, Bosnia, mbele ya jengo la ghorofa tano linalotazamana na kiwanda cha chuma, pana benchi la mbao ambalo mtu mwenye shughuli zake halikalii. Asubuhi ile ya Novemba walikuwepo watatu, makoti hadi masikioni, birika la shaba la kahawa katikati yao. Zvonko waliyemwita Mvuke, kwa kuwa zamani alichochea makaa kwenye gari moshi. Fikret waliyemwita Waziri, na hajawahi kuwa hata karani. Na Rasim, jina lake la juzi tu, Babu Mpya, maana binti yake amejifungua, na alasiri hiyo hiyo alikuwa analetwa nyumbani na kichanga chake. Chini ya jengo boila la makaa ya mawe lilikuwa likinguruma tangu jana. Nyumba za upande wa kushoto watu wanakaa na vesti. Za kulia, anakoishi Rasim, rejeta za ukutani, zile za kupasha vyumba joto, zilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Rasim hakuwa amelala, wala hakuwa na hamu ya utani, lakini angempata wapi mwingine wa kumsikiliza?

— Mtoto wa kilo mbili na nusu nimwingize kwenye friji lile? Hebu niambieni, moto uko wapi?

— Moto upo, akasema Waziri. Pafukapo moshi pana moto. Ona dohani hiyo. Basi joto lipo, Babu Mpya, wewe tu hulisikii.

— Nalisikia kwako! Unatoka jasho ndani ya koti.

— Mimi naishi kushoto. Riziki haivutwi kwa kamba.

— Ngojeni, ngojeni, Mvuke akaweka kikombe chini. Boila ni birika tu. Kubwa la kujaza chumba, lakini birika. Sasa, maji yakichemka yakawa mvuke, hilo ndilo boila la wanaume, la treni yangu. Hili letu ni la maji moto tu, la wanyonge. Pampu inayasukuma, yanapanda juu, yanazunguka kila rejeta, yanaacha joto lao, yanarudi chini yamechoka yakapashwe tena.

— Basi pampu imekufa, akasema Waziri.

— Imekufaje, na kwako yanapanda?

— Imekufa upande mmoja. Kiharusi. Shemeji yangu kilimpata hivyo hivyo, mkono wa kulia ukawa baridi, wa kushoto anacheza nao karata.

— Pampu haina shemeji, Waziri!

— Sawa, basi jengo limeinama. Maji hayapendi mlima. Na ndiyo wahenga walisema, yakimwagika hayazoleki.

— Hilo linahusu nini hapa?

— Linahusu maji.

Mvuke akatia kipande cha sukari mdomoni, akanywa kahawa juu yake, akakunja uso. Kahawa alikuwa ameipika Waziri.

— Dawa ni boila kama la mwanangu kule Ujerumani. La gesi, dogo, limetundikwa ukutani kama kabati la vikombe. Bahili hilo! Linanyonya joto mpaka la moshi wake wenyewe. Moshi unatoka umepoa, unadondosha maji.

— Moshi unalia?

— Unalia.

— Hata mimi ningelia, ningenyang'anywa mpaka pumzi.

— Na litafika lini hilo boila, Mvuke? akauliza Rasim. Kabla ya alasiri?

Mvuke akatafuta kipande kingine cha sukari. Waziri akadakia.

— Mimi nadhani ni makaa. Mwaka huu yamechimbwa ubavu wa kushoto wa mlima, basi yanapeleka joto kwao.

— Basi! Rasim akasimama. Mke wangu tangu alfajiri anachemsha masufuria ili chumba kipate joto, kuta zinatoka jasho tu. Na binti yangu, jana kwenye simu, kaniuliza, baba, nyumba ina joto? Nikamwambia ina joto, mwanangu, njoo. Nimemdanganya mzazi wa juzi! Ninyi mnaniletea kiharusi cha pampu!

Wote wakaona haya. Hapo ndipo alipotoka Mirela, muuguzi aliyehamia ghorofa ya chini mwishoni mwa kiangazi, mfuko wa taka mkononi.

— Samahani, wazee wangu. Kiangazi mafundi si walimwaga maji ya mabomba yote?

— Waliyamwaga.

— Na juzi wakajaza upya. Ile hewa iliyokuwa ndani imetoka kwa njia gani?

Mvuke akavua kofia polepole.

— Hewa. Ee Mungu wangu, hewa! Inakimbilia juu, inakaa, inaziba njia, maji hayazunguki. Na mimi miaka yote kwenye treni!

— Kwenye rejeta ya juu kabisa huwa pana skrubu ya kuifungulia, akasema Mirela. Huku kulia, juu kabisa anakaa nani?

Kila mtu akakitazama kikombe chake.

— Bi Razija, akasema Rasim.

— Si mmoja akabishe hodi tu?

Ingekuwa rahisi hivyo! Kila vuli Bi Razija alifungua skrubu yake bila kuombwa, na kila asubuhi alikuwa akiwashushia kahawa kwenye sinia. Mpaka siku moja ya masika Waziri akasema, Bi Razija, leo umetuletea maji ya kudekia. Wakacheka, na Rasim ndiye aliyecheka mpaka machozi. Bibi akalichukua sinia na vikombe vyake vimejaa, akapanda, na salamu ikakatika. Wao wakangoja hasira zimwishe. Yeye akangoja waje. Sasa alikuwa anatetemeka hukohuko juu, maana bomba lake ni lile lile la kulia, na hafungui. Nchi ya Bosnia ina chuma, ina makaa, na ina inda, na migodi ya inda haijawahi kufungwa.

— Kwani hiyo kahawa, Mirela akauliza, ilikuwa mbaya kweli?

Mvuke alishughulika na vifungo vya koti. Waziri alilitazama birika lake.

— Jogoo wa shamba hawiki mjini, akanong'ona, na hata yeye hakujua ana maana gani.

Rasim akaziendea ngazi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, maneno mazuri ya mtu mzima, yenye mwanzo na mwisho. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Bi Razija alikuwa amevaa koti na mitandio miwili, pua nyekundu, na nyuma yake, chini ya rejeta, beseni la kukingia maji ya skrubu limeshawekwa.

— Nani kafa, mpaka mkanikumbuka?

— Hajafa mtu, Bi Razija. Kazaliwa.

— Nimesikia. Nimesikia kwa watu wa kushoto.

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Akabaki mlangoni anaifinyafinya kofia.

— Ile kahawa, akasema, haikuwa maji ya kudekia.

— Najua. Vua viatu, uje unishikie beseni.