Sellah Awinja na Kitabu cha Mazishi ya Baba Yake

Mulembe, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi Sylvia Wanyonyi, na leo nimeingia studio na hasira zangu. Bosi wangu aliniambia nipoe kwanza. Nimejaribu, nimeshindwa.

Tunamkumbuka Sellah Awinja, mwenye lile duka la kuchapa la mlango wa kijani karibu na stendi hapa Kakamega. Malaria imemchukua Jumanne. Narudia jina: Sellah Awinja, binti wa marehemu Mzee Isaiah Were wa Iguhu. Atazikwa Jumamosi hii, huko huko Iguhu, kando ya baba yake.

Kama umezika mtu wilaya hii, basi Sellah amekuhudumia. Mnakijua kile kitabu chetu cha mazishi. Mbele picha ya marehemu. Ndani historia yake, watoto, wakwe, nyimbo, ratiba. Watu wanapewa mlangoni, wanajipepea nacho kwenye jua, halafu wanakihifadhi nyumbani ndani ya Biblia. Tunazika Jumamosi, kwa hivyo Ijumaa duka la Sellah lilikuwa limejaa wafiwa. Aliwapa viti. Aliwapa chai. Akikuta jina la mtoto wa mke mdogo limesahauliwa, aliuliza kwa upole, "Na huyu wa mama mdogo, tumuweke wapi?" Mimi mwenyewe nimemwona akizuia vita vya familia kwa swali hilo.

Sasa niwaeleze kuhusu Elvis Osiako. Familia imesema nimtaje, nami namtaja kwa raha zangu. Elvis Osiako alikuwa akiuza kompyuta hapa mjini. Ndiye aliyemuuzia Sellah kompyuta yake ya kwanza. Ndiye aliyetia programu ndani yake, kwa mkono wake. Sellah hakuuliza karatasi za kibali cha zile programu. Angeulizaje? Osiako alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Mtu anakufundisha sauti ya pili Jumapili, Jumatatu umdai karatasi?

Mwaka wa 1997 Sellah alihitaji kompyuta ya pili. Akainunua Nairobi. Hilo ndilo kosa lake lote, wasikilizaji. Osiako alinuna. Akaenda polisi akasema duka la mlango wa kijani linatumia programu za wizi. Programu alizotia yeye! Polisi walikuja Ijumaa asubuhi, wakabeba kompyuta zote mbili, watu wakitazama kutoka stendi.

Na ndani ya kompyuta ile, Ijumaa ile, kulikuwa na kitabu cha nani? Cha Mzee Isaiah Were. Baba yake Sellah. Alikuwa bado mochari, azikwe kesho yake.

Dada yake, Edah, alikuwepo. Ananiambia hivi: "Sellah alimfuata Osiako mpaka dukani kwake. Akapiga magoti. Akamwambia, mwalimu, niachie tu leo nichape kitabu cha baba, kesho unifunge hata mimi. Huyo mtu alikuwanga anakula ndizi. Akamaliza ndizi yake. Akasema, sheria ni sheria."

Mimi nilikwenda mazishi hayo. Watu walikaa mikono mitupu. Mzee aliyefundisha nusu ya watu wa Iguhu kusoma, akazikwa bila ukurasa mmoja. MC hakuwa na cha kusoma. Alikisia, akaruka watoto wawili wa mke wa kwanza, na mpaka leo nyumba za wake zake wawili hazisalimiani vizuri. Mama yake Sellah alisema kitu kimoja tu: "Mzee wangu wamemzika kama mtu asiye na watu."

Kesi haikufika popote. Kompyuta zikarudi, tupu, kila kitu kimefutwa. Osiako akamtumia ujumbe kwamba yuko tayari kuzitia programu upya, kwa bei mpya. Sellah alimjibu kwamba afadhali achape kwa majivu na kijiti.

Ndipo anapoingia Mwalimu Musimbi wa hesabu, mteja wake. Alikuwa na CD aliyopewa na mwenzake kutoka ng'ambo. Juu imeandikwa Linux. Wasikilizaji, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na huja na programu zake za kuandikia na kuchapa. Waliouunda wanakuruhusu kuutumia, kuunakili, hata kumpa jirani. Sellah alimuuliza Mwalimu Musimbi, "Kumpa jirani pia si wizi?" Akaambiwa, "Si wizi. Ndivyo wanavyotaka." Mwalimu anasema Sellah alicheka kicheko ambacho hakikuwa kizuri hata kidogo.

Haikuwa rahisi. Printa ilikataa kabisa. Kila mstari ulianza pale wa juu ulipoishia, maneno yakashuka ngazi mpaka yakaanguka nje ya karatasi. Mama yake akaitazama akasema, "Hii yako imerewa." Sellah alisoma, akauliza, akaharibu, akarudia. Edah anasema akichoka alikuwa akitaja jina la baba yao, halafu anaendelea. Siku printa iliponyooka, alifungua mlango wa kijani na kuanza kazi.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha! Siku za soko Sellah alitia ile CD kwenye mkoba akaenda Mumias, akaenda Butere, akaenda Khwisero. Kila mwenye duka la kuchapa, Sellah alimwekea Linux na kumfundisha, bila malipo. Wateja wa Osiako, mmoja mmoja. Osiako akakimbia tena polisi. Wakaja. Sellah alikuwa amechapa kile kibali cha Linux na kukibandika ukutani, penye kalenda. Afisa akakisoma chote, akamgeukia Osiako: "Sasa wewe umetuleta hapa tufanye nini?" Stendi nzima ilicheka. Mwaka uliofuata duka la Osiako lilikuwa linauza magodoro.

Halafu, mwezi wa nane mwaka huu, mama yake Osiako akafariki huko Khwisero. Na kila duka la kuchapa alilokwenda Osiako lilikuwa limewekewa Linux na Sellah, na kila duka lilimwambia, kamuulize Sellah. Ijumaa akasimama kwenye mlango wa kijani, kofia mkononi.

Edah alimwambia dada yake amfukuze. Sellah akasema, "Apana. Mama yake hakunikosea." Akampa kiti. Akampa chai. Akamuuliza majina yote, hata ya watoto wa mama mdogo. Akatengeneza kitabu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na akakataa malipo.

Jumamosi Khwisero ilijaa. MC akashika kitabu. Mnawajua MC wetu: hawaachi hata neno moja. Akasoma historia, akasoma ratiba, akasoma nyimbo, akafika ukurasa wa mwisho, chini kabisa. Akasoma kwa kipaza sauti: "Kitabu hiki kimechapwa na Sellah Awinja, binti wa Mzee Isaiah Were wa Iguhu, aliyezikwa bila kitabu kwa sababu ya Elvis Osiako."

Mimi nilikuwepo. Nilisikia watu wakifunua kurasa, wote pamoja, kuhakikisha. Osiako alikuwa amekaa mbele. Alikuwa nacho mkononi.

Kuna watakaosema Sellah alipita mpaka. Waseme. Mimi nilimwona akipiga makofi pole pole nyumbani kwake Shieywe jioni ile, na nikapiga naye.

Kwa mama yake, kwa Edah, kwa ukoo wote wa Mzee Were: poleni sana. Mungu awashike mkono. Edah ndiye anayechapa kitabu cha Sellah, kwa kompyuta ile ile, na safari hii historia ya Mzee Were itakuwamo, kurasa nne, na watoto wote.

Wasikilizaji, kabla hujamzuia mtu kuzika, jiulize nani atakuchapia siku yako.

Salamu za rambirambi ni nyingi na nimezisoma hewani leo asubuhi. Imebaki moja hapa mezani, imelipiwa, imetiwa sahihi na Elvis Osiako. Mama yake Sellah amesema isisomwe. Haitasomwa.

Sasa tunyamaze kidogo kwa ajili ya Sellah Awinja. Na wewe Osiako, huko uliko na redio yako, leo ni zamu yako kunyamaza.